Mahakama ya Juu na Wakosoaji Wake wa Kimageuzi: Mizani ya Migori na Homa Bay

Lawama dhidi ya Mahakama ya Juu ya Kenya zina mizizi miwili katika kaunti za Migori na Homa Bay, na kila uamuzi mkubwa unapotolewa mizizi hiyo huchanganywa. Mmoja ni kura. Ukiacha maeneo ya Kuria, kaunti hizi zilimpa Raila Odinga kura zao karibu zote katika uchaguzi wa urais wa 2013, wa Agosti 2017 na wa 2022, na mara mbili kati ya hizo mahakama iliidhinisha ushindi wa mpinzani wake. Mwingine ni haki, yaani namna majaji saba wanavyoisoma Katiba ya 2010 pale mwanamke, mfungwa, mlipakodi au mkazi wa mtaa wa mabanda anaposimama mbele yao dhidi ya dola. Anayelaumu kwa sababu ya kura huuliza nani alishinda. Anayelaumu kwa sababu ya haki huuliza nani alibebeshwa mzigo wa kuthibitisha, na aliyeshinda kesi aliondoka na nini mkononi. Maswali hayo hayana jibu moja, ila redioni, sokoni na kwenye mikutano ya hadhara hubebwa na maneno yaleyale, ndiyo maana msikilizaji wa Rongo au Oyugis hushindwa kujua anaambiwa nini hasa anapoambiwa kwamba mahakama imetekwa.

Wanamageuzi wanaozungumziwa hapa ni mawakili wa haki za binadamu, mashirika ya wanawake, vituo vya haki za kijamii na wasomi wa sheria wanaoamini kwamba Katiba iliandikwa ili kuibadilisha jamii, si kuitunza ilivyokuwa. Kundi hili halina chama kimoja, na mara kadhaa limegongana na wanasiasa wanaopendwa sana katika iliyokuwa Nyanza Kusini.

Jinsi mahakama ilivyozaliwa

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, Odinga na chama chake walikataa kwenda kortini, kwa sababu hawakuamini kwamba majaji wa wakati ule wangethubutu kumpinga rais aliyekuwa madarakani. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na Nyanza ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Katiba iliyoanza kutumika Agosti 2010 ilijibu hofu hiyo kwa kuunda mahakama mpya juu ya Mahakama ya Rufaa. Ina Jaji Mkuu, naibu wake na majaji watano, na kesi haiwezi kusikilizwa bila watano kati yao kuwapo. Kesi za kupinga ushindi wa rais huanzia hapo na kuishia hapo: lazima ziwasilishwe ndani ya siku saba baada ya matokeo kutangazwa, na ziamuliwe ndani ya siku 14 tangu kuwasilishwa. Uamuzi wake unazifunga mahakama nyingine zote.

Kwa mashauri mengine mlango ni mwembamba. Rufaa hupokelewa pale tu inapogusa tafsiri au matumizi ya Katiba, au inapothibitishwa kuwa jambo lenyewe lina uzito kwa umma. Mvuvi wa Mbita mwenye shauri la kikatiba ataanza katika Mahakama Kuu mjini Homa Bay, akishindwa atakata rufaa Kisumu, kisha Nairobi. Kila ngazi inadai wakili, ada ya kuwasilisha, marundo ya nakala na nauli. Anayepinga uchaguzi wa gavana huweka dhamana ya shilingi 500,000, na anayepinga wa rais shilingi milioni moja. Lawama ya wanamageuzi huanzia hapa, kabla hata ya hukumu yoyote kusomwa: mahakama iliyokusudiwa kumkinga mnyonge hufikiwa zaidi na wenye vyama, mashirika na wafadhili. Lawama hiyo ni ya kweli, ingawa sehemu yake kubwa inawahusu watunga sheria na wagawa bajeti kuliko majaji.

Kesi za urais

Tarehe 30 Machi 2013, majaji sita wakiongozwa na Jaji Mkuu Willy Mutunga waliidhinisha kwa kauli moja ushindi wa Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ametangazwa kupata asilimia 50.07 ya kura. Katika kesi hiyo waliikataa hati ya kiapo ya ziada ya upande wa Odinga, yenye mamia ya kurasa, kwa kuwa iliwasilishwa nje ya muda. Pia waliweka kiwango cha uthibitisho ambacho kimedumu hadi leo: anayepinga uchaguzi lazima athibitishe zaidi ya kiwango cha kesi ya kawaida ya madai, ingawa si hadi kiwango cha kesi ya jinai, isipokuwa pale anapodai kosa la jinai lilitendwa.

Kiini cha ukosoaji wa kimageuzi kimo katika kanuni hii. Fomu za matokeo, kumbukumbu za mitambo na seva zote ziko mikononi mwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Mlalamishi ana wiki moja ya kukusanya ushahidi kutoka vituo zaidi ya 40,000, na ushahidi wenyewe anaushikilia yule anayemshtaki. Kumdai athibitishe kupita kiwango cha kawaida, wakosoaji wanasema, ni kumfungia mlango kwa adabu.

Septemba 1, 2017 mahakama ilionyesha kwamba njia nyingine ipo. Tume ilipoagizwa kufungua mitambo yake na isitii ipasavyo, majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walichukulia kutotii huko kama ushahidi dhidi ya tume, wakabatilisha uchaguzi. Walisema pia kwamba uchaguzi unaweza kufutwa kwa kukiuka misingi ya Katiba na sheria hata pasipo kuthibitishwa kuwa idadi ya kura ingebadilika. Majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndungu walipinga, na hoja yao haikuwa ya kubeza: mamilioni ya wapiga kura walipiga foleni kwa amani, na makosa ya makarani katika kujumlisha na kutuma fomu hayapaswi kufuta walichokiamua. Muda mfupi baadaye Bunge lilibadilisha sehemu ya 83 ya Sheria ya Uchaguzi ili kuufungia mlango uamuzi kama ule, lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitangaza mabadiliko hayo kuwa kinyume cha Katiba.

Mwaka 2022 mahakama, sasa chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, iliidhinisha kwa kauli moja ushindi wa William Ruto wa asilimia 50.49. Safari hii mahakama iliagiza mitambo na masanduku kadhaa yakaguliwe chini ya msajili wake, na ukaguzi haukuonyesha udukuzi uliodaiwa. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wameyakana matokeo hadharani, ila majaji waliona kwamba mgawanyiko wa ofisini, pasipo hati wala takwimu za kuuthibitisha, hautoshi kuangusha uchaguzi. Kwa jumla hukumu ya 2022 ina msingi imara zaidi wa ushahidi kuliko ile ya 2013, na ukosoaji unaozichukulia kama kesi moja unajidhoofisha. Kilichowakera wengi, na kwa haki, ni lugha. Mahakama ilipoyaeleza baadhi ya madai ya walalamishi kuwa hewa tupu, ilitumia ukali ambao haukuhitajika kufikia uamuzi wake, mbele ya raia waliokuwa wamechagua korti badala ya barabara.

Marudio ambayo Homa Bay haikushiriki

Hakuna uamuzi unaozihusu kaunti hizi moja kwa moja kama wa Novemba 2017. Odinga alijiondoa katika marudio ya Oktoba 26, akidai tume haikuwa imerekebishwa. Siku moja kabla ya kura, ombi la kuahirisha marudio lilipangwa kusikilizwa, lakini majaji waliofika ni wawili tu, Maraga na Isaac Lenaola. Dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alikuwa amepigwa risasi usiku wa kuamkia siku hiyo. Ombi halikusikilizwa. Kura haikupigwa Homa Bay, Siaya, Kisumu na sehemu kubwa ya Migori. Vifaa havikufika au vilizuiwa, barabara zilifungwa, na waandamanaji walikabiliana na polisi. Tume iliahirisha upigaji kura katika maeneo hayo, kisha ikatangaza mshindi bila hayo.

Tarehe 20 Novemba mahakama, majaji wote sita waliosikiliza shauri wakikubaliana, iliidhinisha matokeo. Ilikataa hoja kwamba uchaguzi wa rais hauwezi kukamilika mpaka kila eneo bunge lipige kura.

Wanaoitetea hukumu hii wana hoja nzito. Kama maeneo bunge machache yakiweza, kwa kususia au kwa fujo, kuzuia nchi nzima isipate rais, basi kila eneo lenye hasira lina kura ya turufu. Kwa upande wa pili, Kifungu cha 38 kinampa haki ya kupiga kura mtu mmoja mmoja, si eneo. Mkazi wa Kendu Bay aliyetaka kupiga kura akakuta kituo kimefungwa hakuwa amesusia chochote, na yule aliyesusia alifanya hivyo akidai marekebisho ambayo hukumu ya Septemba yenyewe iliyapa msingi. Mahakama ilipima zaidi hesabu ya jumla, ikasema kidogo mno kuhusu mtu huyu. Hapo ndipo ilipopungukiwa. Si lazima ingebatilisha matokeo. Ingeweza kuyaidhinisha huku ikitangaza wazi kwamba haki za wapiga kura hao zilivunjwa, na na nani. Tamko la namna hiyo lingewapa msingi wa kisheria wa kudai fidia au hatua, na lisingemwondoa rais yeyote madarakani.

Kipimo kilekile, furaha tofauti

Cyprian Awiti wa ODM, chama cha Odinga, alitangazwa mshindi wa ugavana wa Homa Bay mwaka 2017. Oyugi Magwanga, aliyegombea bila chama, alikwenda kortini. Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi huo mwaka 2018, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Februari 2019 Mahakama ya Juu ilizitengua hukumu zote mbili na kumrejeshea Awiti ushindi wake, kwa kuona kwamba dosari zilizotegemewa hazikutosha kuufuta uchaguzi.

Kesi hii ingestahili kuzungumzwa zaidi kuliko inavyozungumzwa. Kizingiti kirefu cha kubatilisha uchaguzi, kilekile kilicholaaniwa Machi 2013, ndicho kilichomwokoa gavana wa ODM miaka sita baadaye, na wengi waliokiita kizingiti hicho cha dhuluma walikipokea kwa vigelegele. Aliyekuwa na haki ya kulalamika kwa misingi ileile safari hii alikuwa mgombea binafsi na wafuasi wake wa Kasipul na kwingineko. Mwanamageuzi wa kweli angepaswa kusema 2019 alichosema 2013, na wachache walifanya hivyo. Ukosoaji unaofuata jina la mshindi humpa jaji sababu nzuri ya kutousikiliza.

Mgawanyiko wa aina hii ulionekana tena katika shauri la mswada wa BBI (Building Bridges Initiative). Mabunge ya kaunti za Homa Bay na Migori yaliupitisha mswada huo wa kubadilisha Katiba mwaka 2021, ukiungwa mkono na Odinga na Rais Kenyatta. Waliokwenda kortini kuupinga walikuwa wanamageuzi. Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu iliukataa kwa sababu rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia njia iliyotengwa kwa wananchi wa kawaida, lakini ilikataa pia fundisho la muundo msingi, ambalo lingeweka sehemu fulani za Katiba nje ya uwezo wa Bunge na hata wa kura ya maoni ya kawaida. Wakosoaji wanaona kwamba kufuli muhimu iliondolewa. Jibu la mahakama ni kwamba Katiba ina ngazi zake za ulinzi, ikiwemo kura ya maoni, na kuongeza kufuli isiyoandikwa ni kuwapa majaji mamlaka ambayo wananchi hawakuwapa. Katika hili mahakama ina nguvu zaidi kuliko wakosoaji wake, kwa kuwa fundisho hilo lingeweza siku moja kutumika dhidi ya mabadiliko wanayoyataka wanamageuzi wenyewe.

Wanawake: haki iliyoahirishwa

Kama kuna eneo ambalo lawama ya kimageuzi imethibitishwa na wakati, ni hili. Kifungu cha 81 kinasema si zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa watakuwa wa jinsia moja. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu aliuliza kama sharti hilo lilipaswa kutekelezwa katika uchaguzi wa Machi 2013. Desemba 11 mwaka huo majaji wengi walijibu kwamba litekelezwe hatua kwa hatua, Bunge likitunga sheria ifikapo Agosti 27, 2015. Mutunga peke yake alisema sharti linatekelezeka papo hapo.

Agosti 2015 ilipita bila sheria. Mahakama Kuu ilitoa maagizo, Bunge likashindwa mara kwa mara kupata idadi ya wabunge wa kupitisha mswada, na Septemba 21, 2020 Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge. Ushauri huo haukutekelezwa, na Bunge lililochaguliwa 2022 halikutimiza sharti hilo.

Kaunti hizi mbili zinaonyesha gharama ya kusubiri vizuri zaidi kuliko hotuba yoyote. Zina maeneo bunge manane kila moja. Mwaka 2022 Homa Bay iliwachagua wanawake watatu katika maeneo bunge yake, Millie Odhiambo wa Suba North, Lilian Gogo wa Rangwe na Eve Obara wa Kabondo Kasipul, na ikamchagua Gladys Wanga kuwa gavana. Migori, iliyo jirani, yenye chama kikuu kilekile na sehemu kubwa ya wapiga kura wenye lugha na mila zilezile, haikumchagua hata mwanamke mmoja katika maeneo bunge yake manane. Anayesema wapiga kura wataleta usawa wenyewe ataitaja Homa Bay. Anayesema bila sheria usawa hutegemea bahati, mteuzi wa chama na jina la mgombea ataitaja Migori, na huyu wa pili ana hoja nzito zaidi, kwa sababu haki ya kikatiba haipaswi kubadilika mtu akivuka mpaka wa kaunti. Majaji wa 2012 waliiogopa hali ambayo Bunge lingekosa uhalali siku ya kwanza. Hofu hiyo ilikuwa ya busara. Kosa lao ni kuweka tarehe bila kuweka matokeo ya kuivunja.

Kuhusu mali ya ndoa, picha ni tofauti. Januari 27, 2023, katika kesi ya wanandoa kutoka jamii ya Wakisii, mahakama ilisema usawa wa wanandoa chini ya Kifungu cha 45 haumaanishi kwamba kila mali igawanywe nusu kwa nusu. Kila mmoja huonyesha mchango wake, na kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Katika shauri lenyewe iliuacha mgao wa nusu kwa nusu usimame. Baadhi ya watetezi wa wanawake walisikitika. Lakini kwa mke anayeanika omena ufukoni Sori tangu alfajiri, au anayepalilia miwa Awendo huku hati ya shamba ikiwa na jina la mume, kutambuliwa kwa mchango usio wa fedha ni hatua kubwa. Ugumu ni namna ya kuuthibitisha. Hana risiti, hana akaunti, mashahidi wake ni majirani na wifi zake, ambao huenda wasiseme dhidi ya ndugu yao. Mzigo wa kuthibitisha unarudi tena, safari hii ndani ya nyumba.

Kodi na sauti ya umma

Tarehe 31 Julai 2024, wiki chache baada ya maandamano ya vijana yaliyolazimisha Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, kiasi kinachoonekana mara moja kwenye bei ya petroli ya boti za Ziwa Victoria na ya bodaboda zote za Migori mjini. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kuirejesha sheria. Ilisema Bunge halikulazimika kisheria kutoa sababu za maandishi za kukubali au kukataa kila pendekezo la umma.

Mrufani mkuu alikuwa Waziri wa Fedha, wadhifa ambao tangu Agosti mwaka huo ulikuwa mikononi mwa John Mbadi, aliyewahi kuwa mbunge wa Suba South. Kwa hiyo hasira dhidi ya uamuzi huu haikuweza kuelezwa Homa Bay kama ya eneo lililonyimwa. Mtu wao ndiye aliyekuwa Hazina.

Serikali ilitetea bajeti. Kodi ya mwaka mzima ilikuwa imekusanywa na kutumika, na kaunti kama Migori na Homa Bay, ambazo mapato yao ya ndani ni kidogo kulinganisha na mgao wa kitaifa, zingekuwa za kwanza kuhisi pengo. Mahakama ilikuwa na sababu ya kutoivunja sheria nzima. Hata hivyo kulikuwa na njia ya kati, ambayo ni kuiacha kodi isimame na kuliamuru Bunge kueleza sababu zake kuanzia hapo. Kusikilizwa bila kujibiwa hakumpi raia chochote cha kupinga kesho yake, na ushirikishwaji wa umma unaogeuka kuwa kujaza rejista ya mahudhurio hauna tofauti na kutoshirikishwa.

Vifungo

Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, mahakama ilisema hukumu ya kifo isiyompa jaji hiari yoyote ni kinyume cha Katiba. Wanamageuzi walishangilia, na mahakama nyingi za chini zikaanza kutumia hoja hiyo kwa makosa mengine, hasa ya kingono. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilizizuia, ikisema uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Julai 12, 2024 ilirejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza hadi 15, katika kesi ya unajisi, ikisisitiza kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na Bunge lazima vifuatwe.

Hapa wanamageuzi hawana kauli moja, na hawapaswi kujifanya wanayo. Takwimu za kitaifa za afya za 2022 zilionyesha kwamba asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay, na asilimia hiyo hiyo Migori, walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 15. Mama wa Nyatike ambaye binti yake amenajisiwa na mtu mzima anataka kifungo kisichojadilika, kwa sababu anajua jinsi kesi hizi zinavyomalizwa kimyakimya kwa ng'ombe na pesa mbele ya wazee. Lakini sheria hiyohiyo humkamata kijana wa miaka 18 aliyekuwa na uhusiano na msichana wa miaka 16 darasani mwake, na kumpa adhabu ile ile na mtu wa miaka 50. Mahakama ilisahihisha utovu wa nidhamu wa mahakama za chini, ila iliacha bila jibu swali ambalo majaji wa chini walikuwa wanajaribu kulijibu. Jibu linalofaa liko Bungeni, kwa kutenganisha vijana wa rika moja na watu wazima wanaowanyemelea watoto.

Lawama kutoka upande wa pili

Si wanamageuzi peke yao wanaoikosoa mahakama. Februari 24, 2023 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba serikali haikuwa na haki ya kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, aliomba mahakama iupitie upya uamuzi huo, akakataliwa Septemba mwaka huo, na aliandaa mswada wa ulinzi wa familia wenye adhabu kali. Makanisa mengi yalikuwa upande wake. Kwa wahafidhina hawa, mahakama imekwenda mbali mno mbele ya jamii. Kwa wanamageuzi, iko nyuma ya Katiba. Kupingwa kutoka pande mbili hakuthibitishi kwamba iko katikati sawasawa, kama wanavyopenda kudai watetezi wake. Kila lawama hupimwa kwa hoja zake.

Kuna pia sifa ambayo wakosoaji huisahau. Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa Mitu-Bell waliobomolewa nyumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson mwaka 2011, mahakama iliruhusu majaji kutoa maagizo ya hatua kwa hatua na kusimamia utekelezaji wake. Zana hiyo ingewafaa wanawake mwaka 2012, na bado haijatumika kwao. Agosti 2022 iliitangaza Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge (CDF) ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba kwa sababu wabunge hawapaswi kuwa watumiaji wa fedha wanazozisimamia. Ilikuwa hoja sahihi ambayo haikupendwa na familia za Uriri na Ndhiwa zinazotegemea basari za mfuko huo kulipa karo.

Kupima hoja

Lawama za kimageuzi hazina uzito sawa. Ile ya kwamba mahakama ilimpokonya Odinga ushindi haijasimama kwa ushahidi uliowekwa mbele ya majaji, hasa kwa mwaka 2022. Ile ya kuhusu mzigo wa kuthibitisha imesimama, na mwaka 2017 mahakama yenyewe ilionyesha tiba yake: anayeshika ushahidi akakataa kuufungua, ushahidi huo uhesabiwe kuwa unamshuhudia vibaya. Kanuni hiyo haidhuru uthabiti wa nchi, kwa kuwa tume yenye rekodi safi haina cha kuogopa. Haihitaji kuongeza siku 14, jambo ambalo lingelazimu kubadilisha Katiba na kurefusha muda wa nchi kumsubiri rais mpya aapishwe. Katika kodi na katika uwakilishi wa wanawake, mahakama mara kadhaa imetambua haki kisha ikaiachia mikononi mwa Bunge lilelile lililoivunja. Udhaifu huu ni wa mazoea zaidi kuliko wa njama, na ndio unaostahili kukosolewa bila kuchoka.

Namna mahakama inavyopokea ukosoaji nayo ina uzito wake. Januari 2024 ilimzuia wakili Ahmednasir Abdullahi kufika mbele yake, kwa sababu ya mashambulizi yake ya mara kwa mara dhidi ya majaji hadharani. Heshima ya korti ni kitu halisi, na tuhuma za rushwa zisizo na ushahidi zinaumiza. Lakini adhabu iliyotolewa na waliokosewa wenyewe, na iliyowaathiri wateja wasio na kosa, iliwapa wakosoaji hoja ambayo hawakuwa nayo kabla.

Odinga alifariki Oktoba 15, 2025. Uchaguzi wa Agosti 2027 utakuwa wa kwanza tangu mahakama hii iundwe ambamo jina lake halitakuwa kwenye karatasi ya kura, na wapiga kura wa Migori na Homa Bay wataitazama mahakama bila kesi yake kusimama katikati. Kiwango cha uthibitisho cha 2013 kitakuwa palepale, siku 14 zitakuwa palepale, seva zitakuwa mikononi mwa tume, na sharti la theluthi mbili litakuwa bado linasubiri sheria iliyopaswa kutungwa kufikia Agosti 2015.